Nusu Saa Angani, Kutwa Majini

Mkijaliwa kupanda ndege ndogo kutoka Dar es Salaam kwenda Mafia, ombeni kiti cha dirishani, upande wa kulia. Safari yenyewe ni kilomita kama 125 tu, nusu saa hivi. Siku isiyo na mawingu, kabla ya kutua Kilindoni mtaiona delta ya Rufiji: mto umegawanyika kama vidole vya mkono, mikoko imesongamana, na maji ya tope yanaingia baharini.

Ndege na delta hii wanajuana tangu zamani. Manowari ya Kijerumani, Königsberg, ilipojificha humo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walirusha ndege kutoka Mafia kuichungulia na kuelekeza mizinga. Julai 1915 ikaangamia.

Huku chini mambo ni mengine. Dar es Salaam hadi Kibiti ni karibu kilomita 140 za lami, na basi likienda vizuri ni muda wa saa tatu. Anayekwenda Mafia kwa chombo huiacha lami pale Bungu, kabla ya Kibiti, akateremka Nyamisati, kisha aongeze saa nne hivi za bahari.

Huyo ni msafiri. Mama anayeishi visiwani mwa delta hahesabu kilomita. Huuliza maji yanajaa lini. Maji hujaa kwa muda wa saa sita hivi na kupwa kwa muda kama huo, na kila siku huchelewa karibu dakika 50. Kwa hiyo mkondo uliopitika leo alfajiri, baada ya wiki moja saa ile ile unaweza kuwa tope tupu, na mtumbwi umelala ubavu.

Mimi ni muuguzi, nanyi mtaniwia radhi nikilinganisha saa hizo na nyingine. Mama anayevuja damu nyingi baada ya kujifungua aweza kufariki katika muda wa saa mbili. Maji yakiwa yameanza kupwa, hapo hapana dereva hodari wala boti ya kasi.

Ndiyo maana nawaambia wenye mimba wa visiwani: mkifikia wiki ya 36, hamieni kwa ndugu aliye karibu na kituo, Nyamisati, Bungu au Kibiti. Mama mkwe akisema yeye alizaa saba kule kule kisiwani, msikilize kwa adabu, kisha funga mzigo: kadi ya kliniki, khanga safi, nguo za mtoto. Baba naye aambiwe mapema habari ya nauli, si siku ya uchungu. Atafute ndugu wawili walio tayari kutoa damu. Na kwa atakayechelewa kuondoka, mwenye boti ajulikane ni nani, petroli imewekwa wapi, na nyakati za maji kujaa za mwezi ule ziandikwe mlangoni kwa chaki.