Ukungu wa Isongole

Muuza chipsi wa mtaani kwetu, Tabata, hukalia gunia lake la viazi kama mfalme. Jioni moja, nikisubiri zege langu, yaani chipsi mayai, nilimwuliza mbona viazi vya wiki ile vilikuwa vikavu, vitamu, wala havinyonyi mafuta. Akachomoa kimoja, akakipangusa kwenye suruali, akaniwekea kiganjani. Udongo ulionasa kwenye macho ya kiazi ulikuwa mweusi, mwepesi kama masizi.

"Vya Isongole hivyo, kaka," akasema. "Kule watu hawalimi. Wanachimba tu."

Hilo la kutolima likanikaa kichwani. Februari nikapanda basi.

Kutoka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800 hadi Uyole, njiapanda iliyo kabla hujaingia Mbeya mjini. Wengi hapo hunyoosha kuelekea mjini au Tunduma. Mimi nilishuka, nikaingia Hiace ya Tukuyu, nikabanwa kati ya mama mwenye kuku wawili na kijana aliyepakata bomba jipya la kupulizia dawa, bado liko ndani ya nailoni. Gari linaupanda mlima, Milima ya Poroto hiyo, na halipewi nafasi ya kupumua. Masikio yanaziba. Madirisha yanafungwa moja baada ya jingine, na abiria waliopandia Uyole na fulana wanaanza kutafuta masweta. Unapofika Isongole umeshavuka mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na lile jasho la Dar limekukaukia mgongoni kama plasta.

Kabla ya nyumba za kwanza kuna mahali barabara imekikata kilima, ukuta wa udongo ukabaki wazi. Nilirudi pale kwa miguu alasiri ile ile. Tabaka jeusi, tabaka la kahawia, kisha mkanda wa vijiwe vya kijivu vilivyojaa vitundu. Niliking'oa kimoja kwa ukucha. Kilikuwa chepesi kama biskuti. Ni lile lile jiwe ambalo mama zetu hununua sokoni kusugulia visigino, na ukilitia kwenye ndoo ya maji linaelea.

Basi ukuta ule ni mlima uliomwagwa. Mlima Rungwe, wenye mita 2,960 hivi, ulilipuka kwa kishindo miaka 4,000 iliyopita au karibu na hapo, ukarusha vijiwe vya namna ile eneo lote la jirani. Ngozi, ambayo wengine huiandika Ngosi, ililipuka mara zaidi ya moja, na mara ya mwisho ni ndani ya miaka 1,000 hii ya karibuni. Kyejo, mdogo wao aliyeko kusini, alitapika uji wa moto miaka 200 hivi iliyopita, jambo ambalo mababu wa watu wanaoishi sasa waliliona kwa macho yao. Majivu na vijiwe vilivyorudi chini vikala mvua karne kwa karne, vikawa shamba.

Nimelima kidogo utotoni, Dodoma, kwenye ule udongo unaokushika jembe kama mdeni wako. Huu wa Isongole haushiki kitu. Ukiuchota unapita vidoleni. Kumbe hata hivyo unatunza maji, ukichimba urefu wa kiganja unakuta unyevu. Na kwa kuwa hauna mawe ya kukibana kiazi, kiazi hujitanulia kinavyotaka, kikatoka mviringo, ngozi nyororo, bila kona.

Mwenyeji wangu alikuwa bibi mmoja wa umri wa mama yangu mkubwa, mwenye ekari moja na robo mteremkoni na ng'ombe mmoja wa maziwa nyuma ya nyumba. Alinipokea mlangoni kwa "Ugonile", nami kwa kutojua nikajibu "Salama", wajukuu wakaangua kicheko. Mkubwa wao, binti wa darasa la sita au la saba, ndiye aliyechuchumaa kunisalimu, jambo lililonitia haya mimi mtu wa Tabata niliyezoea kusalimiwa kwa kidevu.

Nilitazama nyumba yenyewe iko wapi hasa, maana shamba linaanzia kwenye msingi wa ukuta. Kabichi zimefika chini ya dirisha. Karoti ziko upande wa choo. Mahindi machache, maharage, kisha viazi, matuta kwa matuta, mengine yametoa maua meupe, mengine majani yameanza njano, mengine ndiyo kwanza yanachomoza. Huku hakuna msimu mmoja wa kiazi kama ulivyo wa mpunga. Kiazi kinakaa ardhini miezi 3 hadi 4, kinatoka, kingine kinaingia. Katika siku zangu zote pale sikuona kipande cha ardhi kilicholala, isipokuwa makaburi.

Asubuhi bibi alinipa jembe. "Piga pembeni, mwanangu. Usipige kwenye shina." Unalenga ubavu wa tuta, unalizamisha, unalivuta kuelekea kwako kwa upole, na udongo unafunguka wenyewe. Viazi vinakuja vitano, sita, saba kwa shina moja, vya njano iliyofifia, safi kiasi kwamba ungeweza kuvitia kikapuni bila kuvifuta. Nilijiona fundi. Tuta la pili nikakata kimoja, la tatu nikakata viwili.

"Umeua," bibi akasema, akavitenga. Vilivyokatwa havifiki sokoni, vinaoza na kuozesha wenzao. Huwa mboga ya siku hiyo.

Yule muuza chipsi wangu nilimkumbuka sana kufikia saa tano. Wanachimba tu! Kabla ya kuchimba kuna mbegu, viazi vidogo ukubwa wa yai, vilivyotandazwa kwenye kichanja penye mwanga mpaka vichipue. Kuna kuinua matuta, kupalilia, kupandishia udongo ili kiazi kisichungulie jua, maana kikichungulia kinakuwa kijani na kichungu, hakuna anayekinunua. Bibi hupanda Arka kwa kuwa wachuuzi wanaitaka, na Kikondo kwa ajili ya nyumbani. Kikondo ni jina la mahali, huko juu kwenye barabara inayochepuka Isyonje kwenda Makete. Mimi kiazi chenye jina la kijiji nilikipenda kuliko hili la "viazi ulaya" walilotufundisha wazee wa pwani, wakati kiazi asili yake ni Andes, Amerika Kusini, milima ya volkano kama hii.

Halafu kuna ukungu.

Kiswahili hapa kimeweka mambo mawili katika neno moja, na Isongole ndipo nilipoelewa sababu. Kuna ukungu ule unaoshuka kutoka msitu wa Ngozi kila alfajiri, ukafuta kwanza mlima, kisha mikaratusi, kisha zizi, kisha mkono wako mwenyewe ukiunyoosha. Mgeni hutoa simu akapiga picha. Na kuna ukungu wa kwenye jani, doa la kahawia lenye ukingo wa maji maji, ambao maofisa ugani huuita bakajani chelewa. Wa kwanza ukikaa siku tatu bila jua, wa pili unaingia. Shamba lililokuwa kijani Jumatatu linanuka uozo Ijumaa. Ugonjwa huu huu ndio uliofyeka viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845, watu kama milioni moja wakafa kwa njaa na magonjwa yake.

Kwa hiyo bibi akitoka nje asubuhi, ule weupe ninaousifia mimi yeye anaukagua. Hutembea matutani akigeuza majani upande wa chini, moja moja, kama mtu anayekagua noti bandia. Siku ya pili alipata doa moja. Hakusema kitu. Alimwita yule binti, binti akaenda nyumba ya tatu, akarudi na kaka yake mwenye bomba mgongoni. Mkono wa kushoto unasukuma mpini juu na chini, wa kulia unapeperusha dawa, na kijana anakwenda kinyumenyume ili asikanyage mvuke wake mwenyewe. Alipomaliza mistari minane mvua ikanyesha. Akatazama juu, akafuta uso, akaketi chini ya paa la zizi kusubiri. Dawa ile imeoshwa, atarudia kesho, na pesa ya pakiti ya pili itatoka palepale ilipotoka ya kwanza.

Wageni wengi wanaofika Isongole hawafiki Isongole. Wanashuka barabarani, wanatafuta kijana wa kuwaongoza, wanapanda Ngozi, wanarudi, wanaondoka. Siwalaumu, nami nilipanda. Ukimaliza mashamba unaingia msitu mara moja, kama umefunga mlango. Njia ni tope na mizizi, na mwishoni mteremko unasimama mpaka unashika miti kwa mikono yote miwili. Kijana aliyenitangulia alisimama ghafla akanionyesha kinyonga mwenye pembe 3 usoni, mdogo, kijani kibichi, akitembea juu ya tawi kwa ule mwendo wake wa kujishauri. Kinyonga huyu ni wa milima hii ya huku. Mtaalamu akitaka kumwona porini hana budi kuja hapa. Kijana mwenyewe hakutaka kumsogelea. Nyumbani kwao, alisema, kinyonga si mnyama wa kuchezea.

Juu kwenye ukingo tulikuta ukungu. Mbele yangu palikuwa na weupe mtupu na harufu ya majani mabichi, na chini yake, kwa maelezo ya kijana, ziwa lenye urefu wa kilomita 2 na nusu hivi, lisilo na mto unaotoka. Wenyeji husema ukiliona lote lina umbo la ramani ya Afrika. Tulikaa karibu saa nzima tukila mahindi ya kuchoma yaliyopoa. Halafu upepo ukageuka, pazia likapasuka upande mmoja, nikaona maji ya kijani kilichofifia, chini kabisa, yametulia yakizungukwa na kuta za msitu. Niliona kama kuanzia Rasi ya Tumaini Jema mpaka Kongo. Afrika Kaskazini haikufunguka.

Nitakachokumbuka zaidi ni wakati wa kushuka. Msitu ulipoisha nilisimama, na chini yangu kulikuwa na mteremko mzima wa matuta, vipande vya kijani cha kila aina, moshi wa majiko, watu wadogo wameinama. Kreta ile nyuma yangu ni mojawapo ya zilizoumwaga udongo ule. Ziwa ni shimo lililobaki. Kilichotoka kwenye shimo kiko huku chini, kinapaliliwa.

Jioni fuso lilikuja, nikaona lumbesa inavyofungwa. Gunia likijaa hawalishoni. Wanalizungushia mdomoni kipande cha gunia jingine, wanakaza kwa kamba, wanaendelea kupanga viazi juu kwa juu mpaka linaota kichwa na mabega. Sheria inasema gunia lisizidi kilo 100, na marufuku ya lumbesa nimeisikia redioni tangu niko shule. Dalali naye ana jibu moja: asiyetaka kufunga hivi, jirani yake anataka. Bibi aliuza magunia manne. Mimi na kijana wa bomba tulisaidia kulisukuma la mwisho juu ya bodi, tukashindwa, wakaja wawili wengine. Bei ilitajwa kwa gunia, kama kawaida, wala haikutajwa kwa kilo. Bibi alihesabu noti mara mbili, akazifunga kwenye pindo la kitenge, akaniuliza kama nimekula.

Tulikula viazi nilivyoviua. Vilichemshwa na maganda, vikamwagwa kwenye sinia, chumvi pembeni, maziwa mgando kwenye kikombe cha bati. Kiazi cha Isongole kikiiva kinapasuka chenyewe, unga wake unabaki vidoleni. Nimekula vyakula vya hoteli zenye vitambaa mezani, na ninasema hivi nikiwa na akili timamu: sijala kitu bora kuliko kile, katika kile chumba chenye moshi, huku mvua ikipiga bati mpaka mazungumzo yanakatika.

Siku ya kuondoka bibi alinifungia kiroba. "Usivioshe mpaka siku ya kupika," akaniagiza. "Ukiviosha mapema vitaoza. Acha viende na udongo wake." Nikamwambia "Ndaga fijo", safari hii bila kukosea, naye akacheka kuliko wajukuu.

Nilifika Tabata usiku, joto limekaa mlangoni likinisubiri. Kesho yake nilimimina viazi kwenye beseni, nikafungua bomba. Maji yakawa meusi papo hapo. Niliyamwaga, nikajaza mengine, na hayo yakawa meusi vilevile. Mara ya tatu yalipoanza kung'aa niliona kitu kidogo cha kijivu kikizunguka juu ya maji, kijiwe kisichozidi punje ya mchele, kimeng'ang'ania kuelea.