Nyuzi 45 za mjomba

Nimerudi chuo juzi, chumba ni kilekile na joto ni lilelile. Leo nawapa kisa cha likizo. Wenzangu wa ualimu mnaojiandaa kwenda kufundisha kwa mazoezi, tafadhali msome mpaka mwisho.

Likizo niliimalizia Tanga kwa mjomba wangu. Ana karakana ya useremala Ngamiani, kule kwenye barabara zinazoitwa kwa namba. Nilimkuta na oda ya fremu 6 za vioo, mbao za mtiki. Wilaya ya jirani, Muheza, kuna shamba kubwa la mitiki la Longuza, lakini msidhani ndiyo bei rahisi. Ukiharibu mtiki umeharibu hela.

Basi bwana, fremu zikakataa kufunga! Kona tatu zinakaa safi, ya nne inaacha mwanya wa karibu nusu sentimita. Anayekata ni dogo mmoja wa Pangani anayejifunza kazi. Fremu 2 zimeshaharibika, mjomba kanuna.

"Huyu hana mkono wa kazi. Jumamosi arudi kwao."

Dogo kimya, anafagia maranda. Nilimwonea huruma jamani. Shule aliacha kidato cha pili, na sasa hapa napo anafukuzwa.

Nikachukua penseli, hesabu si ndiyo somo langu? Fremu ina kona 4, kila kona ina mikato 2, jumla mikato 8. Kila mkato unatakiwa nyuzi 45. Ukikosea nusu nyuzi tu, hata jicho halioni. Lakini nusu mara 8 ni nyuzi 4, na zote zinakuja kujitokeza kwenye kona ya mwisho. Kwa ubao wa upana wa sentimita 5, mwanya unakaribia milimita 5. Ndiyo uleule!

Nikamwambia, "Mjomba, labda mashine."

"Mashine miye naitumia miaka yote. Mbona nikikata miye inafunga?"

Kweli, akakata yeye vipande viwili, akaviunganisha, akaweka guniya. Nyuzi 90 kamili. Nikaishiwa maneno.

Hata hivyo akaniruhusu kukagua. Kwanza tukachomoa waya wa umeme, hilo msilisahau. Tukasimamisha guniya mezani kuona kama bledi ya msumeno imesimama wima. Imesimama. Tukatia chaki jino moja la bledi, tukapima kutoka hapo mpaka kwenye mfereji wa meza, kisha tukazungusha jino lilelile mpaka nyuma na kupima tena. Sawa kabisa. Ikabaki geji, kile chuma cha kupimia pembe kinachoteleza ndani ya mfereji. Nikaishika kuitikisa... inacheza! Kidogo tu, kulia na kushoto.

Nikamwomba mjomba akate tena, safari hii nikitazama mikono yake tu. Wadau, mjomba akisukuma geji anaibana upande wa kushoto wa mfereji, mwanzo mpaka mwisho. Ubao nao anaukandamiza kwa kidole gumba usiteleze. Nikamuuliza, "Mbona unabana hivyo?" Akaniuliza, "Nabana nini?" Hakuwa anajua! Mkono wake ulishazoea ubovu wa mashine, ukawa unausahihisha wenyewe. Dogo yeye alifanya vilevile alivyoambiwa: weka 45, sukuma.

Dawa haikuwa kubwa. Tukaigonga pembeni ile pau ya geji kwa msumari mgumu, vidoti kadhaa, chuma kikavimba kidogo na kuujaza mfereji. Tukabandika msasa usoni pa geji ili ubao usiteleze. Tukaipanga upya nyuzi 45 kwa guniya, si kwa alama zilizochorwa. Tukafunga kipande cha ubao cha kukingia, ili pande zinazotazamana ziwe na urefu mmoja, maana hata pembe zikiwa sahihi, urefu ukipishana fremu haifungi.

Mjomba akachukua ubao mpya, akautazama, akampa dogo. "Haya, kata weye."

Kona zote 4 zikafunga. Mjomba hakuomba radhi, wazee wetu mnawajua. Lakini jioni alimwagizia dogo chai na chapati, na Jumamosi ikapita bila mtu kurudi Pangani.

Mimi nimebaki na swali langu. Mwaka jana nilipokuwa nafundisha kwa mazoezi, kuna mwanafunzi nilimwandikia "huna umakini" kwenye daftari, kwa sababu kila hesabu ya pembe alikuwa anakosea kidogo. Kumbe huenda kuna kitu mimi nakifanya bila kujua, na sikuwahi kumwambia. Sikumtazama hata siku moja anavyoliweka pembemraba lake.

Nisiwachoshe. Kesho kipindi saa moja asubuhi, tuonane huko.