Swali Nililolijibu kwa Kiboko

Kuuliza si ujinga, walituambia wazee wetu, nasi walimu tukauandika msemo huo ubaoni mwaka hata mwaka. Lakini, msomaji wangu, nikitazama nyuma naona kwamba tuliwahimiza watoto kuuliza, na sisi wenyewe hatukujifunza kujibu. Nayasema haya nikiwa mzee wa miaka sabini na ushei, niliyewahi kuwa mkuu wa shule, na mwenye deni la jibu moja.

Deni hilo nilikumbushwa na redio, siku ya Alhamisi, tarehe 20 Juni 2013.

Katiba yetu, katika Ibara ya 52, inamfanya Waziri Mkuu kuwa Kiongozi wa Shughuli za Serikali Bungeni. Ibara ya 63 nayo inawapa wabunge haki ya kumwuliza waziri yeyote juu ya mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Kutokana na hayo ndipo tukawa na kile kipindi cha Alhamisi, nusu saa ya maswali ya papo kwa papo, ambapo Waziri Mkuu husimama mbele ya wabunge bila kuandikiwa swali mapema. Wenzetu wa Uingereza walikitengea kipindi cha namna hiyo saa yake maalumu tangu mwaka 1961. Mizengo Pinda, aliyekuwa Waziri Mkuu kuanzia 2008 hadi 2015, alisimama hivyo Alhamisi nyingi, nami nilipenda kumsikiliza, kwa kuwa alizungumza kama mtu wa kijijini aliyekaa barazani.

Siku ile aliyeuliza alikuwa wa kwetu, Murtaza Mangungu, Mbunge wa Kilwa Kaskazini. Mwezi mmoja kabla, Mtwara ilikuwa imewaka moto kwa sababu ya gesi. Wananchi walipinga gesi kusafirishwa kwa bomba kwenda Dar es Salaam, nyumba zikachomwa, askari wakamwagwa, na watu wakapoteza maisha. Sisi wa Kilwa hatukuwa watazamaji katika jambo lile. Gesi ya Songo Songo, kisiwa kilicho katika wilaya yetu, ilikuwa inazalisha umeme Dar es Salaam tangu 2004. Mbunge akauliza juu ya malalamiko ya raia kwamba vyombo vya dola vinawapiga.

Waziri Mkuu akajibu kwamba anayekaidi akiambiwa asifanye jambo, basi wapigwe tu, kwa maana Serikali imechoka.

Kauli ile ilizua kelele kubwa. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na Chama cha Mawakili Tanganyika walikwenda Mahakama Kuu, na miongoni mwa mambo yaliyobishaniwa ni kinga ya maneno yanayosemwa Bungeni. Mwaka 2014 kesi ikatupwa. Barazani kwetu wazee walikasirika. Mimi nilinyamaza, nao wakadhani namtetea. Kumbe nilikuwa nimemtambua aliyesema. Nilijisikia mimi mwenyewe.

Ilikuwa miaka ya themanini, miaka ya foleni na unga wa njano, katika shule moja ya bweni ya pwani hii ya Lindi. Masika ilikuwa imeifunga barabara. Wakati huo daraja la Mto Rufiji lilikuwa halijajengwa, na mto ulivukwa kwa kivuko pale Ndundu. Maji yakifurika, lori la chakula hulala ng'ambo hata majuma. Asubuhi moja, mstarini, kijana wa kidato cha pili alinyoosha mkono akauliza kwa adabu kabisa: "Mwalimu, maharage yaliyoletwa kabla ya mvua yamekwisha vipi upesi hivi?"

Nilikuwa nimechoka. Mzabuni ananidai, walimu wananidai mishahara isiyo mikononi mwangu, mke wangu nyumbani anauguza. Wanafunzi mia tatu walikuwa wananitazama. Nikasema kwamba mwanafunzi anayeleta uchochezi mstarini achapwe viboko vinne, na wote watakaomfuata wachapwe vilevile. Tangu siku hiyo hakuna aliyeuliza tena. Nikaiita hali ile nidhamu.

Ukweli ulikuwa mfupi kuliko hotuba yangu. Sikujua. Mwezi mzima sikuwa nimeingia stoo, wala sikuwa nimefungua daftari lake. Swali la yule kijana lilikuwa linanielekeza nilipopaswa kwenda, nami nikampiga aliyenionyesha njia.

Baada ya Pinda alikuja Kassim Majaliwa, Mbunge wa Ruangwa, mwalimu mwenzetu na mtu wa mkoa wetu, akakaa katika kiti hicho miaka kumi, 2015 hadi 2025. Nilimsikiliza kama ninayesahihisha daftari: hapa amejibu, hapa amezungukia pembeni, hapa ameahidi kufuatilia. Zamani ahadi ya kufuatilia ningeipa sifuri. Siku hizi naipa alama, ilimradi aliyeahidi aende kweli. Hakuna binadamu awezaye kubeba kichwani kila kisima cha Liwale na kila kilo ya korosho ya Nachingwea. Kiongozi hujibu kwa niaba ya wengi, na mengine hayajui. Kutojua si aibu. Aibu ni kumkasirikia aliyeuliza.

Baada ya Alhamisi ile nilikutana na yule kijana wangu pale Nangurukuru, tukisubiri basi. Sasa ni mtu mzima, ndevu zina mvi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

Akaninunulia chai, tukaulizana hali za nyumbani. Kisha akacheka akasema, "Mwalimu, lile swali langu la maharage hujalijibu mpaka leo."

Hakuwa na kinyongo usoni, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Nikamwambia, "Sikujua, mwanangu. Stoo sikuwa nimeingia. Unisamehe."

Akakoroga chai yake, kimya, kwa muda mrefu. "Ungesema hivyo tu, Mwalimu," akasema. "Tungekwenda wote kuangalia."