Usimpe Kila Mtu Funguo Zote

Leo sina kichekesho. Nina stori ya seva mbili zilizokataa kuongea, na ya kijana mmoja aliyepoteza kazi kwa sababu yangu.

Mnajua niliacha chuo mwaka wa pili. Video hazilipi kodi kila mwezi, kwa hivyo huwa natengenezea watu mitambo ya biashara. Jumatatu moja nikaitwa na mama mwenye duka la jumla la vifaa vya ujenzi hapa Nairobi. Wikendi hiyo fundi wao alikuwa amegawa mtandao: seva ya mauzo upande mmoja, seva ya databesi upande wa pili, fayawoli katikati. Wazo poa kabisa, kwa sababu mwizi akiingia upande mmoja hafiki ule mwingine kirahisi. Lakini asubuhi hiyo hakuna kaunta ilikuwa inauza. Fundi hashiki simu. Watu wa mjengo wamejaa hadi nje, malori yanapiga honi.

"Kijana, fungua kila kitu tuuze," mama akaniambia.

Na ningeweza. Zima fayawoli, ipe programu ya mauzo akaunti kuu ya databesi, ile haiulizwi ruhusa na mtu. Dakika chache tu. Nilikuwa nishaanza kuandika amri, nikaacha. Nishawahi kufanya hivyo.

Mwaka jana, duka lingine, shida karibu hiyo hiyo. Nikaipa programu akaunti kuu, nikalipwa shilingi 3,000, nikatoka nikijiona bingwa. Wiki kadhaa baadaye kijana wa kaunta akabonyeza mahali hakufaa, orodha yote ya bei ikafutika. Akafukuzwa siku hiyo hiyo. Nilisikia, nikanyamaza. Ukweli ni kwamba programu ya kaunta haikufaa kuwa na uwezo wa kufuta hiyo orodha. Mlango niliufungua mimi, yeye alipita tu.

Kwa hivyo nikamwambia mama, "Naomba nusu saa." Akaniangalia vile mzazi hukuangalia ukimwambia umeacha chuo. Lakini akakubali.

Kitu nimejifunza ni hiki: seva zina njia nyingi za kukataa, na kila "hapana" ina maana yake.

Ya kwanza ilikuwa kimya. Programu inangoja, inangoja, muda unaisha. Mara nyingi hiyo ni fayawoli inameza ujumbe bila kujibu. Nikafungua poti 5432, ile PostgreSQL hutumia kwa kawaida, kwa anwani moja tu: ya seva ya mauzo.

Sasa jibu likaja: haumo kwenye orodha. PostgreSQL ina faili inaitwa pg_hba.conf. Ichukulie kama daftari la soja wa geti: ni nani, anatoka anwani gani, anaingia databesi gani. Mtandao ulipogawanywa, seva ya mauzo ilipata anwani mpya, na daftari bado lilikuwa na ile ya zamani. Nikarekebisha mstari mmoja, nikaiambia databesi isome faili upya.

Bei zikaonekana. Watu wakashangilia. Halafu risiti ya kwanza ikakataa kuhifadhiwa.

Manze, hapo nilitoka jasho. Nikarudi kwa rekodi za seva, nikasoma polepole: ruhusa imekataliwa kwa sikwensi. Sikwensi ndiyo hutoa namba ya risiti inayofuata. Fundi alihamisha databesi, akatoa ruhusa upya kwa majedwali yote. Kumbe ukitoa ruhusa kwa majedwali yote, sikwensi hazimo. Lazima uzipe zake. Yaani programu iliruhusiwa kuandika risiti, lakini haikuruhusiwa kuchukua namba ya risiti. Amri moja ya GRANT kwa hiyo sikwensi, na risiti ikatoka.

Ilichukua dakika 40. Mama alinikumbusha zile kumi za ziada.

Mwaka 1975, Saltzer na Schroeder waliandika kwamba kila programu na kila mtumiaji afanye kazi na ruhusa chache kabisa zinazotosha kazi yake. Labda ningeisoma darasani kama ningebaki. Mimi niliisoma kwa kazi ya mtu mwingine.

Wengi wetu tukinyimwa ruhusa tunaona tumedharauliwa, hatuaminiwi. Nilikuwa nafikiri hivyo pia. Sasa naona ruhusa ndogo inamlinda yule anayepewa. Kama ningempimia yule kijana ruhusa zake vizuri, angebonyeza vibaya, aambiwe "hapana", acheke, aendelee na kazi. Kwa hivyo wewe unayetengenezea watu mitambo, kabla hujatoa akaunti kuu ndiyo uende nyumbani mapema, jiulize ni nani atalaumiwa siku kitu kikiharibika. Mara nyingi si wewe. Ni yule wa mshahara mdogo zaidi.

Wiki jana nilitafuta namba yake, nikampigia, nikamweleza kila kitu. Alinyamaza kitambo. Halafu akaniuliza, "Na mdosi, umemwambia?"

Bado. Naenda kesho asubuhi.