Sindano ya Nyavu

Wazee wetu wa Kasenga bado wanamlilia mpumbu. Samaki huyu alikuwa anapanda Luapula kutaga mayai, nyavu zikamkinga njiani. Wafanyabiashara Wagiriki walipeleka samaki Elisabethville, Lubumbashi ya leo, kulisha wafanyakazi wa migodi. Kufika miaka ya 1950, mpumbu alikuwa karibu kwisha.

Mimi nikivunjika moyo ninaenda kando ya mto, kutazama wanaoshona nyavu. Tundu moja moja, bila haraka. Ng'ambo, Zambia wanafunga uvuvi toka Desemba mpaka mwisho wa Februari. Miezi ile ya kungojea inanipa nguvu kuliko ile ya samaki wengi.

Juzi kijana wa dada yangu, aliyerudi toka machimbo mikono mitupu, aliomba sindano. Mafundo yakapotoka.

“Mwanangu, kata, anza tena,” mzee akamwambia.

Akakata.