Mjini Siku Hizi Hatulali

Mjukuu wangu aliondoka Matai baada ya chai ya asubuhi, akaenda Sumbawanga kununua betri ya sola, na jua halijazama alikuwa kibarazani ananionyesha risiti. Nikamuuliza, umemsalimia nani huko? Akanitazama kama niliyemuuliza idadi ya mawe barabarani. "Babu, nilienda dukani."

Jibu hilo nimelitafuna wiki nzima.

Mimi Sumbawanga niliiona mara ya kwanza mwaka 1974, mwaka ule Mkoa wa Rukwa ulipomegwa kutoka Mbeya na Tabora, na mji wenye mabati machache na baridi nyingi ukaambiwa kuwa sasa ni makao makuu. Nilikuwa na miaka 14. Matuta ya ntumba tulikuwa tumeshayamaliza, nyasi zinaoza chini ya udongo, ndipo baba mkubwa akanichukua nimbebee unga wa ulezi na kuku wawili. Tukatembea siku moja na nusu. Unga na kuku havikuwa vya kuuza. Vilikuwa vya wenyeji wetu wa Majengo, ndugu wa mbali upande wa bibi, kwani mjini hakwenda mtu mikono mitupu, na hakwenda mtu akarudi siku ileile.

Mlangoni baba mkubwa alichuchumaa, akapiga makofi taratibu, na mama mwenye nyumba akaitikia vivyo hivyo huku watu wa ofisi wakipita na mafaili yao. Salamu ya Kifipa haina haraka. Huulizwi hali tu. Wanaulizwa watoto, wagonjwa, ng'ombe, mvua, hata yule mjomba aliyekwenda mkonge Tanga akiwa manamba na hajarudi. Kilichotuleta tulikitaja siku ya pili: karatasi moja ya kugongwa muhuri. Tulilala siku nne. Muhuri wenyewe ulichukua dakika moja.

Kizazi chetu basi kiliujua mji kwa mikeka ya watu. Nilijua Mazwi nani anakoroma, na Jangwani nani uji wake mwepesi. Cha kutazama hakikuwapo sana: soko, kanisa, ofisi, na milima ya Mbizi imejifunika ukungu. Wageni wa kutoka pwani walishuka kwenye lori wakitetemeka, nusu kwa baridi, nusu kwa woga. Jina la mji kwa Kifipa huelezwa kuwa ni agizo la kuutupa uchawi, lakini Mswahili akishasikia "wanga" haulizi tena, anashika hirizi. Hilo halijabadilika, na vijana wetu walioko Dar es Salaam hulitumia vizuri wakitaka kuogopwa.

Wazee wenzangu husema kizazi hiki hakina utu. Mimi sikubali. Barabara tuliiomba sisi. Miaka ya themanini tulihesabiwa pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma kuwa mikoa minne inayolisha nchi, na bado mahindi yetu yalinyeshewa yakisubiri usafiri. Masika lori likikwama karibu na Laela, abiria walihamia vijijini kama wakwe. Hakuna mkutano tuliokaa bila kuidai lami. Ikaja, zaidi ya kilomita 200 kutoka Tunduma, ikapita kwetu hadi bandari ya Kasanga, ilikokuwa ikitia nanga Liemba, ile meli ambayo Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916. Leo migebuka inafika sokoni ingali laini. Ukarimu ule tuliokuwa tukijisifia, nusu yake ulizaliwa na matope.

Na nusu nyingine? Miaka kadhaa nyuma, kabla hajafariki, nilimuuliza yule mama wa Majengo kama aliyakumbuka makofi ya baba mkubwa. Alicheka mpaka akakohoa. "Nayakumbuka," akasema. "Kila nikiyasikia nilihesabu vibaba vilivyobaki. Mlikula hadi mbegu." Nami miaka yote hiyo nikidhani kuku wawili walitosha.

Mwezi uliopita nilipanda basi dogo, unga wa ulezi mapajani. Saa nne nilikuwa Majengo kwa binti yake, mwanamke mwenye wajukuu sasa. Aliniamkia, akanipa kiti, akaniuliza nimeletwa na nini. Nikasema nimekuja kusalimia. Akaniuliza tena, safari hii kwa sauti ya chini, kama ni msiba. Mara ya tatu alitaka kujua kama nina miadi hospitali ya Atiman, anipeleke.

"Sina shida, mwanangu. Nimekuja tu."

"Utawahi basi la saa kumi?"

Nikamwambia nalala. Akatazama ule unga, akanitazama mimi, kisha akamtuma mtoto akaazime godoro kwa jirani.