Penye Shaka, Chimba

Columbus, Ohio
3 Mei

Kwako mwanangu Hamisi,

Nimepata habari kwamba detekta yako mpya ya metali inakuvunia vipete vya kufungulia makopo ya soda tu, na umeamua kuiwekea kichujio iwe inanyamaza ikikutana navyo. Kabla hujafanya hivyo, nisikilize shangazi yako.

Ile koili unayoipitisha juu ya ardhi hutoa nguvu ya sumaku inayobadilikabadilika. Nguvu hiyo huamsha mikondo midogo ya umeme ndani ya metali iliyo chini, nayo metali hurudisha jibu lililochelewa kidogo, na kuchelewa huko ndiko mashine inakokugeuza kuwa namba na mlio. Namba hiyo hutokana na aina ya metali, ukubwa wake na umbo lake. Mashine haijui thamani ya kitu.

Marekani hii mtego uko kwenye sarafu ya senti 5. Ni shaba asilimia 75 na nikeli asilimia 25, mchanganyiko usiopitisha umeme vizuri, kwa hiyo huangukia palepale penye vipete vya alumini. Pete nyingi za dhahabu nazo ziko eneo hilohilo. Ukivinyamazisha vipete, umeinyamazisha na dhahabu. Senti 1 za kabla ya 1982 ni shaba asilimia 95 na hulia juu. Za baada ya mwaka huo ni zinki iliyopakwa shaba, namba yake iko chini zaidi, jirani na vifuniko vya alumini vya chupa. Senti 10 na 25 za zamani, hadi zile za 1964, zina fedha asilimia 90 na mlio wake ni wa juu sana, lakini hata kopo la bia lililopondwa linaweza kulia hivyo.

Basi usiiachie namba peke yake ikuamulie. Ukipata mlio, zunguka robo duara upitishe koili tena. Sarafu iliyolala ni duara, itajibu vilevile kutoka kila upande. Msumari mara nyingi utalia vizuri upande mmoja na kukwaruza upande wa pili. Kisha inua koili polepole. Sarafu hufifia mapema, ila kopo litaendelea kupiga kelele hata koili ikikaribia goti. Kizibo cha soda ndicho mjanja kuliko vyote, maana ni chuma chembamba cha mviringo. Hicho kivutie ukingo wa koili kidogokidogo, na mara nyingi mlio wake utachafuka na kukuonyesha chuma chake. Penye misumari mingi tembea taratibu, ikiwezekana kwa koili ndogo, kwani msumari mmoja unaweza kuificha sarafu iliyo kando yake.

Umeandika pia kwamba unafikiria mashine ya bei zaidi. Mchagua jembe si mkulima. Omba ruhusa kwa mwenye nyumba, uzike sarafu, kipete, kizibo na msumari mbalimbali, upitie kila kimoja mpaka sikio lizoee. Baada ya hapo, pima gharama ya shimo. Kwenye mchanga wa ufukweni ulioruhusiwa, chimba kila mlio usio wa chuma. Kwenye nyasi za watu, chagua milio iliyotulia, kata pande dogo la nyasi, lirudishe vizuri, na takataka uondoke nazo. Penye shaka, na shimo halimuumizi mtu, chimba. Asiyetaka kuokota vipete hatapata pete.

Ardhi nayo ina wenyewe. Katika ardhi ya serikali kuu ya hapa na ya makabila ya asili, sheria ya 1979 inakataza kuchimba mabaki ya kale ya miaka 100 na zaidi bila kibali. Na hilo wazo lako la kwenda na mashine Kilwa Kisiwani mwezi wa Desemba, liache kabisa. Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, na magofu yale yako katika Urithi wa Dunia tangu 1981. Najua masultani wa Kilwa walipiga sarafu zao wenyewe za shaba, na najua mkono unavyowasha. Lakini sarafu iliyong'olewa kiholela hupoteza habari ya tabaka iliyolalia na vigae vilivyokuwa kando yake. Na kile kipande cha chuma chenye kutu ambacho wewe ungekitupa kuwa ni taka, mtafiti anaweza kusoma ndani yake kazi ya wahunzi wa mji ule. Kule hakuna taka za kuchuja, kwa hiyo wewe nenda kutembea na kutazama tu, mashine ibaki kwako.

Wasalimie wote. Ukijaza mfuko wa kwanza bila kichujio, nipigie unisomee ulichopata, vipete na vyote.

Wasalaam,
Shangazi yako